Bonyeza mara mbili: Holga chini ya wikio la Mkomani

Assalamu alaikum jamaa, karibuni tena. Leo nimeshika kamera ya Holga, na siku hii nimeingoja kwa hamu! Lenzi ya plastiki, filamu ya 120, picha 12 za mraba, hayo mnayajua, nayaruka. Ninachotaka mkione ni hiki kitufe. Tazameni: nabonyeza, tik. Nabonyeza tena bila kuzungusha filamu, tik. Kamera nyingi hujifunga mpaka usogeze filamu. Hii haina habari!

Njooni chini ya wikio hili, chumba kinachovuka juu ya njia, hapa mtaa wa Mkomani, Lamu. Ngoja punda apite... haya. Juu boriti zimelala kivulini, pembeni kuna kipande chembamba cha mbingu. Tik. Sasa nageukia ule mlango wa nakshi unaopigwa na jua. Tik. Picha hii hapa ya wiki jana, naisogeza karibu: nakshi imeingia ndani ya kivuli cha boriti, lakini pale penye mbingu hakuna kitu, peupe tu. Filamu ikishajaa mwanga haipokei tena. Penye giza ndipo penye nafasi. Na kwa kuwa mwanga unajumlika, natia filamu ya ISO 100, inayohitaji mwanga mwingi zaidi, badala ya 400.

Mwaka 1949 mpiga picha wa Brazil Geraldo de Barros aliipiga hivi stesheni ya Luz, São Paulo, picha juu ya picha, mpaka jengo likawa mistari mitupu. Mpiga picha Harry Callahan, aliyeanza kufundisha Chicago mwaka 1946, naye alipandanisha majengo ya mji ule katika fremu moja. Kila nikiziangalia natamani kutoka na kamera usiku uleule.

Mnaniuliza sana kuhusu kamera ya Rolleiflex. Lenzi yake ina ukali ambao hii haiufikii kabisa, lakini bei! Pesa ile naiweka kwenye filamu. Ingawa kwa ukuta wa matumbawe, vile vishimo vyake vidogo... naitamani, siwafichi.

Kinachoniudhi ni kuosha filamu. Duka moja lilinirudishia filamu imekwaruzwa mwanzo hadi mwisho, picha zote 12 za Ngome zikapotea. Sasa naosha mwenyewe bafuni, na video yake inatoka Ijumaa baada ya swala. Ambao hamjajiunga, bonyezeni hapo chini.

Oh, jua limefika kwenye daka, kibaraza cha mlangoni! Kidirisha chekundu nyuma ya kamera kinaonyesha picha ya 7. Naanza na ukuta, kivuli kikiwa upande wa kushoto... tik. Sisogezi. Sasa mlango.