Kipima unyevu kilichookoa koti la baba

Nilikinunua kipima unyevu hiki cha dijitali baada ya koti la marehemu baba kuota ukungu kabatini. Kwanza nilikijaribu: chumvi iliyoloweshwa maji kidogo kwenye kifuniko cha chupa, vyote ndani ya mfuko usiopitisha hewa, usiku kucha. Chumvi hiyo hufanya unyevu wa hewa ya mfukoni utulie kwenye asilimia 75, hivyo kilitakiwa kusoma 75, kikasoma 71. Basi huwa naongeza 4. Tofauti hiyo naivumilia, ila kukosa kitufe cha kurekebisha kunaniudhi kweli.

Alfajiri ya kwanza, madirisha yamefungwa, chumba kilikuwa na 78! Nikasogeza kabati mbali na ukuta, nikaacha kuanika nguo ndani. Sasa hakizidi 58, na koti halinuki tena.