Rangi ya plastiki nyeusi za nje ya gari: ipi ununue, ipi uiache hukohuko dukani

Hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo nalitoa. Plastiki nyeusi za gari langu, zile za juu ya matairi na za chini ya milango, zilikuwa zimepauka zikawa kijivu kabisa, nikaenda nikanunua kopo la rangi ya kupuliza limeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba ni la plastiki, na muuzaji akaniapia linashika plastiki yoyote. Nikaosha, nikapiga msasa, nikapuliza taratibu bila haraka, jioni gari likawa kama limetoka kiwandani. Wiki ya tano naliosha kwa mashine ya presha, rangi ikaanza kubanduka, na sio vipande vidogo, lilitoka ganda zima kama nyoka anavyojivua, na chini yake plastiki ileile ya kijivu, safi, utadhani haijawahi kuguswa.

Hiyo plastiki safi ndo iliyonifungua macho. Rangi haikuchakaa. Haikushika tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo hapa sitawaelezea ipi nyeusi zaidi wala ipi inakauka kwa dakika ngapi, maana nyeusi zote ni nyeusi siku unayopuliza. Mi nauliza kitu kimoja tu: itashika kwenye PP, ile plastiki ngumu kupakika rangi ambayo mara nyingi ndo ya bampa?

Toa kipande chochote cha plastiki ya nje kwenye gari ugeuze nyuma, utakuta herufi zimegandamizwa kwenye plastiki yenyewe katikati ya alama mbili za mshale, mfano >ABS< au >PP+EPDM-TD20<. Hizo herufi zinataja aina ya plastiki; EPDM ni aina ya mpira, na hiyo TD20 maana yake kuna unga wa talki asilimia 20 umechanganywa humo. ABS haina shida, rangi nyingi inashika vizuri ukiikwaruza kidogo. Shida ni PP, yaani polipropilini, na ndugu yake TPO, ambayo ni PP iliyochanganywa na mpira, na hizo ndo mara nyingi zimetengenezea bampa na plastiki za pembeni. Uso wake uko kama nta, rangi ikifika juu haitandai ikaushika, inakaa tu juu juu kama kofia. Hata msasa peke yake haukuokoi, maana unachofanya ni kukwaruza nta upate nta iliyokwaruzwa. Kuna viwanda vinapitisha bampa kwenye miali ya gesi haraka haraka kabla ya kupaka rangi, sio kuichoma, ni kubadilisha ule uso wa juu ili rangi iushike. Sasa kama kiwanda chenye mitambo yote kinahangaika hivyo, kopo langu la dukani lilikuwa linategemea nini?

Dawa yake ipo, inaitwa adhesheni promota. Ni maji maji yasiyo na rangi, unapuliza tabaka nyembamba sana moja au mbili juu ya plastiki tupu halafu rangi inafuata ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, na huo muda uheshimu, ukienda kupiga stori ukarudi umechelewa unaanza upya. Sio praima ya kawaida, ile rangi ya msingi! Praima inaziba mikwaruzo, hii haizibi chochote, kazi yake ni kushikisha tu. Watu wengi wanachanganya hapa na wauzaji wanawaacha wachanganye.

Namba moja kwangu, na sifichi kwamba naipenda, ni Trim Black, rangi ya kupuliza ya kampuni ya SEM, pamoja na adhesheni promota ya SEM hiyohiyo. Nyeusi yake haing'ai kama kiatu na pia haijafifia kama mkaa, iko katikati, inafanana kabisa na plastiki ya kiwandani, na hili ni muhimu kwa sababu ukipaka kipande kimoja kikang'aa kuliko vingine kila mtu anajua umepaka. Nimepaka zile zile za juu ya matairi baada ya kukwangua takataka yote ya kwanza, nimeosha kwa presha tena na tena, ziko palepale. Kama bampa lako lilishapakwa rangi kiwandani huhitaji promota kila mahali, kwaruza tu rangi ya zamani ife mng'ao, ila pale plastiki tupu inapochungulia lazima uweke.

Namba mbili Dupli-Color, nao wana rangi ya trimu (hizo plastiki za pembeni) na bampa na wana promota yao pia. Ukikosa SEM chukua hii bila wasiwasi, mradi ununue vyote viwili. Promota ya Bulldog nayo mafundi wengi wanaiamini.

Namba tatu ni kwa ambaye hataki kupuliza kabisa. Solution Finish unapaka matone machache kwa sponji, inarudisha weusi kwenye plastiki iliyopauka, na Cerakote wana vitambaa vilivyolowekwa tayari ambavyo wenyewe wanavidhamini kwa kuoshwa mara 200. Uzuri wake ni kwamba havitengenezi ganda nene kama la rangi, kwa hiyo vikichoka vinafifia polepole, havibanduki. Ila vinataka plastiki isiyopakwa rangi, na mikwaruzo mirefu havifichi.

Makopo ya bei rahisi ya matumizi yote, weka kwenye ABS ukitaka. Kwenye PP hapana.

Na zile dawa za silikoni za kung'arisha naziweka nje ya orodha kabisa kwa sababu ndo zinaharibu kazi ya baadaye, silikoni ikiingia kwenye vitundu vya plastiki rangi inakimbia inaacha macho macho, yaani viduara visivyoshika rangi. Kabla hujapuliza osha kwa sabuni, futa kwa dawa ya kutoa nta na grisi ukibadilisha kitambaa mara kwa mara, kwaruza kwa pedi ya kusugulia na sio msasa mkali maana utaua ile michirizi ya plastiki, halafu mwagia maji safi. Maji yakitanda kama shuka iko tayari, yakijikusanya matone rudia kuosha.

Sasa wauzaji. Hivi mnapata faida gani kumuuzia mtu nusu ya kitu? Nimeuliza promota duka la kwanza nikaambiwa haina umuhimu, la pili wakaniletea praima ya chuma, na la tatu wanayo lakini imepandishwa bei kuliko rangi yenyewe kwa kuwa wanajua ukishaielewa huna ujanja. Mwingine aliniuzia kopo ambalo lebo ya maelekezo imebandikwa stika ya bei juu yake, nimefika nyumbani kuibandua ndo nakuta imeandikwa haifai polipropilini. Imeandikwa! Mtengenezaji kasema ukweli, muuzaji kaufunika. Siku hizi nabandua stika palepale kaunta kabla sijatoa hela, na akinuna anune.

Unapopuliza, vaa barakoa yenye chujio za kemikali wakati wote maana hizo thina sio mchezo. Ukimaliza acha ikauke siku kadhaa, kisha jaribu kwa tepu sehemu isiyoonekana: bandika, gandamiza kwa kucha, vuta kwa nguvu. Tepu ikitoka safi bila rangi, rudisha kipande kwenye gari. Na kopo lililobaki ligeuze kichwa chini upulize mpaka itoke hewa tupu, la sivyo nozo inaziba.