Enduro 40 na Fo-stroki: Impela Ndiyo Inayoua Mashine Zote Mbili

Assalaam aleikum manahodha, karibuni tena. Leo nimetundika mashine mbili za boti hapa: Yamaha Enduro 40, tu-stroki (inayochanganyiwa oili kwenye petroli), na fo-stroki (yenye oili yake kando) ya nguvu hizo hizo. Za kwenye karatasi siwasomei, mnazijua.

Fo-stroki hainywi sana, kelele haina. Lakini petroli yetu hii ya madumu ikiingia maji kidogo, injekta, zile pua za kunyunyiza petroli, zinaumia kwanza. Tena ina vali, ina mkanda, ina oili yake ya kubadilisha kila saa 100. Enduro ni silinda mbili na kabureta, basi; fundi wa Faza, Lamu, anaifungua kwa spana za kawaida. Oili changanya 50 kwa 1: mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Ikiwa mpya, mara mbili ya hiyo. Nyinyi mnaomimina kwa macho, pistoni itawajibu.

Sasa sogeza kamera huku. Hii ndiyo inayonikera: impela, mpira wa pampu ya maji. Mtu anapita mlango wa bahari wa Mkanda maji yamekupwa, pampu inavuta matope na mchanga, mabawa yanalika. Mchirizi wa maji ya kupoza ulikuwa mnene, sasa unatematema, na nahodha anasema "si yanatoka?" Kichwa cha injini kinachemka, gasketi inaungua, pistoni inakwama.

Toa kiungo cha gia kwanza. Wengi wanasahau, wanavuta mguu, ile sehemu ya chini yenye propela, kwa nguvu, fimbo inapinda. Fungua bolti, shusha mguu wima, fungua nyumba ya pampu. Unaona? Bawa moja halipo! Limepanda na maji, litaziba njia huko juu, lazima ulitafute. Kile kisahani cha chuma pitishia ukucha, ukikwama kwenye michirizi, badilisha. Kifunguo cha shafti, kile kichuma kidogo kinachoshika impela, usikidondoshe mchangani. Impela mpya ipake sabuni ya maji, shusha nyumba yake huku unazungusha shafti kwa mwendo wa saa, mabawa yalale upande mmoja. Usirudishe kinyume. Meno ya shafti paka grisi ya baharini, la sivyo chumvi itayagandisha na mwakani mguu hautoki.

Impela za bandia, shilingi chache, mpira mgumu: ikunje bawa kwa kidole, isiporudi upesi muachie mwenye duka.

Usiwashe mashine kavu, bila maji, hata kidogo. Ukirudi kutoka baharini isafishe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, ndani ya pipa, dakika 10. Najua maji ya Shela yana thamani, lakini kichwa kipya kina thamani zaidi.

Mnaouliza Suzuki, yaja wiki ijayo, bonyezeni kengele. Nichague? Ukibeba abiria wa Mokowe kutwa nzima, fo-stroki inajilipa kwa petroli inayookoa. Mvuvi wa Kizingitini, Enduro. Ingawa hii fo-stroki, wallahi, ukimya wake unanishawishi.

Na kabla ya kurudisha mguu, legeza skrubu ya oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, sili, mpira wa kuzuia maji, imekwisha, chumvi imo ndani. Hiyo itengeneze leo, usingoje Maulidi yapite.