Nimehamishia kanda zangu za miaka ya tisini kwenye flashi, Mtwara mjini: uzoefu wangu

Nianze na hela niliyoipoteza. Mwaka jana nilinunua memori kadi iliyoandikwa "Nyimbo Kali za 90", shilingi elfu kumi. Kufika nyumbani, nusu ni za miaka ya themanini, majina ni namba tupu, na kila baada ya muda dijei anajitangaza katikati ya wimbo. Vulindlela ya Brenda Fassie, ile ya 1997 ambayo harusi zote nilizohudhuria usichanani lazima ipigwe, imekatwa kabla haijaisha. Niliumia kweli. Ndipo nikakumbuka sanduku la kaka.

Humo mlikuwa na kanda 11 zimefungwa kwenye kipande cha khanga, mwandiko wa kaka ubavuni: "RTD, usiku", "Remmy, USIFUTE". Tulikuwa tunaishi Mikindani, na muziki wetu ulitoka Redio Tanzania Dar es Salaam. Kanda za dukani zilifika kwa kuchelewa, maana masika barabara ya Dar ilikuwa haipitiki na daraja la Rufiji lilifunguliwa 2003 tu. Kwa hiyo kaka alirekodi redioni.

Nilizipeleka kwa fundi mmoja wa redio hapa mjini. Kijana, lakini mtaratibu. Kabla ya kugusa kitu alizimulika moja moja kwa tochi. Tatu zilikuwa na ukungu mweupe kwenye utepe, joto la pwani hilo. Moja sponji yake ya ndani ilishabanduka, akafungua gamba, akahamisha utepe mzima kwenye gamba jingine la skrubu, ananyoosha kwa ncha ya kalamu kama mtu anayesuka mtoto. Akaniambia, "Dada, hizi za C-90, za dakika tisini, tuziweke mwisho. Utepe wake mwembamba kuliko wa C-60, redio inazila upesi." Hedi ya deki, ile inayosoma utepe, aliifuta kwa spiriti kila alipobadilisha kanda.

Jambo la kujua: kazi hii haina njia ya mkato. Kanda ya dakika 60 inacheza dakika 60 huku kompyuta ikirekodi. Akitokea wa kukuahidi zote ndani ya nusu saa, atakupakulia za mtandaoni tu. Mimi nilisubiri siku nne. Alinitoza 3,000 kwa kanda, flashi nilikuja nayo. Amenipa mafaili ya WAV, yale yasiyobanwa, saa moja inakula kama MB 600, na ya MP3 ya kusikilizia kwenye simu. Kanda mbili zimeshindikana na hakuzitoza.

Sasa sauti. Remmy Ongala na Super Matimila wametoka safi kuliko nilivyotarajia, gitaa la solo unalisikia linavyozunguka. Mambo kwa Soksi kaka aliinunua, na kwetu ikipigwa mama alikuwa anatafuta kazi ya kufanya uani, kwa sababu soksi zenyewe ni kondomu na ukimwi ulishaanza kuzika watu tunaowajua. Nimeisikiliza tena nikiwa mtu mzima. Alithubutu, yule mzee. Kanda ya Pepe Kalle nayo nzima. Hali Halisi ya Mr. II, ya 1998, ina mkwaruzo, lakini maneno yote yanasikika, na kwangu ndiyo iliyotufundisha kwamba Kiswahili cha kijiweni kinaweza kubeba jambo zito.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kaka hakuwa na redio ya kurekodi moja kwa moja. Alikuwa anaazima redio kaseti ya jirani, anaiweka mbele ya redio ya mama, tunaambiwa tunyamaze. Hatukunyamaza. Fundi akanipigia simu: "Dada, hapa katikati ya wimbo kuna mama anagomba. Nikate?" Nikamwambia asiguse hata sekunde. Nilipokwenda nikamsikia mama yangu, sauti ya ujana wake: "Zima hiyo! Betri nimezianika tangu asubuhi nisikilize taarifa ya habari!" Nyuma yake jogoo, na kaka anabembeleza, "Unaisha mama, unaisha."

Nilimpelekea mama Mikindani jioni ileile. Akasikiliza kimya, akaomba nirudie, kisha akauliza, "Na kweli ziliisha zile betri?"

Fundi huyu nampa tano kwa tano. Mkienda, mwambieni mapema asikate sauti za watangazaji, maana wateja wengine hutaka zitolewe.

Kanda moja bado iko kwake: nyimbo za maombolezo za Kapteni John Komba na kundi lake la TOT, Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki. Utepe umekatika sehemu mbili. Kasema nipite Alhamisi.