Kumkataza kiongozi mali au kumtaka aitangaze?

Tanzania imejaribu njia zote mbili za kulinda uadilifu wa viongozi.

Azimio la Arusha la 1967 lilikataza moja kwa moja: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mke au mume naye alihesabiwa. Uzuri wake ni kwamba hata jirani angeweza kukagua, maana nyumba yenye wapangaji haifichiki. Tabu ni shamba au duka lililoandikwa jina la shemeji. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza masharti hayo.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inaruhusu mali, ila itajwe: ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na wakati wa kuondoka. Kwa nchi ya soko huria naiona inatekelezeka zaidi. Lakini fomu hukaa kwenye faili la Sekretarieti ya Maadili, na jirani yule hana tena cha kukagua kwa macho.