Ramani mbili za treni za New York: ipi inamfaa abiria?

Mwaka 1972 abiria wa treni za chini ya ardhi za New York walipewa ramani ya mbunifu wa michoro Massimo Vignelli. Kila njia ilikuwa na mstari na rangi yake, kila kituo nukta, na mistari ilikata kona za nyuzi 45 au 90 tu. Aliyekuwa ndani ya treni akitaka kujua abadilishie wapi, alifuata rangi kwa kidole mpaka mwisho. Hadi leo naiona kazi safi sana.

Tatizo lilianza abiria alipopanda ngazi na kutoka nje. Central Park, bustani kubwa ya jiji hilo yenye urefu wa kilomita 4 na upana usiofika hata 1, ilichorwa kama mraba wa kijivu! Hata maji hayakuwa ya buluu. Mgeni aliyeitegemea kwa kutembea kwa miguu angepotea kirahisi.

Ramani ya 1979, iliyochorwa na kampuni ya Michael Hertz, ilirudisha mitaa, bustani za kijani na maji ya buluu. Ukitoka kituoni unajua ulipo. Lakini njia kadhaa zilibanwa kwenye mstari mmoja, na kuzitofautisha kunataka usome herufi ndogondogo, adha kubwa kwa mwenye macho dhaifu.

Mimi ningebandika mchoro wa Vignelli ndani ya behewa, na ramani ya mitaa ya Hertz kwenye mlango wa kutokea kituoni. Mwaka 2025 mamlaka ya usafiri ilirudia mchoro wa mtindo wa Vignelli.