Bomba gumu au bomba la kupinda kwa meko ya gesi?

Meko ya chuma ya kuotea moto, yaliyoundwa kiwandani, huwa na tundu maalumu ubavuni la kupitishia gesi. Swali ni bomba gani lipite hapo.

Bomba gumu la chuma ni zito na lina kazi: kukata, kuchonga nyuzi za skrubu kwenye ncha, kufunga viwiko (viungo vya kona). Kila kiungo kinaweza kuvuja, kwa hiyo kila kimoja kipakwe dawa ya nyuzi inayofaa gesi. Lakini halitobolewi kirahisi na msumari, na ukingo mkali wa bati haulisumbui.

Bomba la kupinda la chuma kisichoshika kutu hupita ndani ya kuta kwa viungo vichache, na fundi hulimaliza upesi. Udhaifu wake ni ngozi nyembamba. Linahitaji vibati vya kinga linapopita kwenye mbao, tena liunganishwe na mfumo wa ethi wa nyumba (waya unaopeleka umeme ardhini), maana radi ikipiga karibu cheche zinaweza kulitoboa. Kulipenyeza moja kwa moja kwenye bati la meko ni kosa. Mtikisiko na ukingo hulila taratibu.

Mimi ningetumia bomba la kupinda ukutani, kisha kipande kigumu kiingie mekoni. Mwanya unaobaki tunduni uzibwe kwa kitu kisichoungua, si sponji.

Ukaguzi haubagui: mstari wa bomba ujaribiwe kwa hewa na geji ya kupima shinikizo kabla ukuta haujafungwa, kisha maji ya sabuni kwenye viungo gesi ikishafunguliwa. Kiberiti, kamwe. Koki ya kufungia iwe mahali mkono unafika.